Koti ya Manyoya na Mugongo wa Shemeki

Tate wangu, ndiyo mama wa baba yangu, aliishi milimani juu ya Kavumu, na alifika uzee wake bila kushika mukate wa mujini hata siku moja. Baba alipopata kazi Bukavu, alipanda kwenda kumusalimia, mimi nyuma yake na kuku kwapani, yeye mbele na mukate mukubwa amefunga ndani ya gazeti. Tate alipokea ile zawadi kwa mikono miwili, kama heshima inavyotaka, akakaza mabega na kukunja magoti kidogo, maana kwake kitu chenye ukubwa ule kilikuwa ni muhogo ao jiwe. Mukate ukapanda juu. Mikono ilikuwa imejitayarisha kubeba, haikupata cha kubeba, na karibu ajipige nao kwenye pua.

Alishituka. Ule uso ninauona mupaka leo: macho yametoka, mudomo wazi, kama mutu aliyekanyaga ngazi ambayo haiko. Aliweka mukate kwenye mapaja, akaupima tena, akautikisa karibu na sikio. Halafu akamuambia baba, "Mwanangu, chakula chenye uzito kama huu, kuna mutu alishakikula kabla yangu."

Baba akaapa kwamba hakuna mutu aliyekigusa. Akakata kwa kisu ili amuonyeshe. Tate akaona yale matundu-matundu ya ndani, akatikisa kichwa kwa huruma, akasema alama za meno ndiyo hizo, wamemudanganya mutoto wake kule mujini. Jioni akapika bugali kama siku zote, na mukate akaukatakata akauweka pembeni kama mboga. Tulikula bugali na mukate. Mimi niliona tamu, na hata sasa, kama muke wangu haangalii, ninakula vile.

Nilikuwa nimesahau hiyo habari. Ilinirudia nikiwa mimi mwenyewe ni muzee, hapa Kadutu, mutaa wa Bukavu, mbele ya mashini yangu ya kushona, na koti ya mutu mukononi. Niliipokea kwa mikono miwili kama tate, na ikapanda juu kama mukate.

Lakini nimekimbia. Nirudi nyuma kidogo.

Mimi ni mushonaji. Shule niliacha mwaka wa tatu, sababu ya mwalimu mumoja na kiatu chake, hiyo ni hadithi ingine na mwalimu mwenyewe alishakufa. Mashini yangu iko sokoni, kwenye mustari wa wale wanaofungua balo, yale marobota ya nguo kuukuu za Ulaya. Wao wanauza, mimi ninapunguza, ninaongeza, ninaziba. Na kwenye ile kazi nilijifunza kitu kimoja: watu wetu wanajua uzuri wa kitu kwa mukono. Mama akitaka blanketi hasomi maandishi, analiinua. Blanketi jepesi hawampelekei mugonjwa. Mukwe akileta zawadi nyepesi, wanasema alileta salamu tu. Hata maneno yetu iko vile. Mutu wa maana ni mutu muzito. Mutu asiye na akili ni mutu mwepesi. Neno la kweli ni neno zito, na ile ingine ni upepo.

Sasa, kama kuna mutu aliyekaa ndani ya hayo maneno kama mutu anavyokaa ndani ya nyumba yake, ni shemeki yangu, bwana wa dada yangu mudogo.

Yeye ni mutu wa Idjwi, kile kisiwa cha ziwani. Alikuja Bukavu kijana, akaanza kupakua magunia ya nanasi na maharagi kwenye boti za kwao, halafu akaingia kazi ya kuwabebea watu wanaopanda mulima wa Kahuzi. Hema zao, maji yao, sufuria zao, viti vyao. Ndiyo, viti, wako watu waliopanda mulima na viti, na nyuma yao alikuwa shemeki. Alibeba mugongoni, na mukanda wa ngozi umepita kwenye paji la uso. Ule mukanda ulimuachia alama kama mufereji, ungeweza kulaza kidole ndani. Hakuificha. Akinyoa, alinyoa kwa namna ile alama ionekane vizuri, kama wengine wanavyovaa medali.

Hakuwa mutu wa kelele. Lakini neno moja alilirudilia, zaidi mbele ya kasiksi, ile bia yetu ya ndizi: mwanaume akirudi kwake mugongo mutupu, agonge mulango kama mugeni. Na aliishi vile. Akija kwangu kusalimia tu, hakuondoka bure. Alibeba kuni zangu kuzipeleka kwa jirani, alibeba maji ya jirani kuyaleta kwangu. Siku moja alibeba mashini yangu mupaka nyumbani ingawa haikuwa imeharibika. Nilishukuru. Kesho yake niliirudisha sokoni kwa pikipiki.

Basi kuna maman mumoja, bado kijana, baba yake alikuwa profesere, yeye mwenyewe anafanya kazi biro, ndani ya ofisi. Wakati ule njia ya mulima ilikuwa wazi, na siku zake za konje, za mapumziko, alikuwa anakusanya wenzake wanapanda Kahuzi kwa miguu. Si kwa kuchunga ngombe, si kwa kutafuta kuni, wala hakuna mutu aliyewatuma. Kwa raha. Hiyo nayo ilinishitua mwanzoni, lakini mutu anazoea. Shemeki alikuwa mubebaji wao miaka mingi. Maman alimuita papa, alimuuliza habari za dada yangu, na juu ya mulima walikula sahani moja.

Siku moja akaja sokoni na begi ya mugongoni. Shemeki alikuwa ameketi na mimi. Maman wa biro akasema, papa, nisaidie kupandisha begi juu ya meza. Shemeki akasimama. Akainama, akapitisha mukono chini, akavuta pumzi ya muzigo. Iko pumzi ya muzigo, haifanani na ile ya kila siku, wabebaji wanaijua. Akainua kwa nguvu.

Alianguka nyuma mupaka kwenye lundo la suruali za jirani yangu, begi imemukalia juu ya tumbo kama paka.

Mustari muzima ukacheka, na jirani akamuuliza kama anataka kuzijaribu zote ao moja inatosha. Shemeki hakucheka. Uso wake ulikuwa ule wa tate. Akauliza kwa sauti ndogo, bila kusimama, "Maman, ulisahau kutia bintu?"

"Byote biko ndani, papa. Nyumba yote."

Na akafungua. Mimi nimeona mengi kwenye hii Bukavu, nimeona jeneza kwenye pikipiki, lakini siku ile nilibaki nimeshika mukasi hewani. Alitoa hema yenye ukubwa wa mukate. Alitoa sufuria ya chuma kinachoitwa titani, ukiipuliza inasogea. Alitoa kijiko kilichotobolewa matundu kwenye mushikio. Halafu akatoa buroshi ya meno, imebaki kichwa na kipande kidogo kama kidole cha mutoto. Nikafikiri ni panya, nikamupa pole. Akasema hapana, alikata yeye mwenyewe, ni kupunguza uzito. Mutu mwenye mushahara anaketi kwake, anachukua kisu, anakata buroshi yake ya meno. Nilimuangalia vizuri nione kama ana homa.

Kwangu alikuwa ameleta suruali. Alitaka nitoe mifuko yote, nitoe lebo, nitoe na vifungo visivyo na kazi. Miaka yote ya hii mashini watu wananiomba kuongeza mifuko, wengine mupaka mufuko ndani ya mufuko. Nikamuuliza, mutu bila mufuko akisimama mbele ya mukubwa, mikono ataipeleka wapi? Akasema kule juu hakuna mukubwa.

Halafu akatuonyesha simu yake. Mule ndani kulikuwa vitu ambavyo bado havijazaliwa, vya mwaka unaokuja, anasema huko Ulaya na Amerika watu wanavisubiri kama sisi tunavyosubiri umeme. Hema ya kitambaa kama utando wa buibui, lakini maji haipiti. Begi isiyo na mifupa. Kitanda cha hewa kinachokunjwa kikaingia ndani ya kikombe. Chini ya kila picha kulikuwa gramu zake, na alizisoma kwa sauti tamu, kama mutu anayesoma majina ya watoto wake. Nilisubiri isemwe kitu kimoja kiko imara. Haikusemwa. Na bei ilikuwa inapanda kadiri kitu kinavyopungua. Nilifikiri: wakifika mwisho watauza kitu ambacho hakiko kabisa, na kitakuwa cha matajiri tu.

Ndipo akasema neno lililomuleta. Alilisema akiangalia chini, ni mutoto wa adabu. Kundi lao sasa, kila mutu atabeba chake. Wabebaji hawataitwa tena.

Shemeki alipeleka mukono kwenye paji la uso, pale kwenye alama.

Lakini, maman akaharakisha kusema, vitu vyepesi viko kama watoto wachanga, vinataka mutu wa kuvitunza. Kufua, kukausha, kuziba, kujua kipi kimelowana na kipi kimechoka. Yeye alitaka ile kazi ya mutunza-vyombo iwe ya shemeki. Wenzake hawakukubali, walisema muzee wa magunia atafahamu nini. Wamekubaliana hivi: kuna koti moja imeharibika. Kama shemeki ataisimamia itengenezwe vizuri kabla ya kupanda, nafasi ni yake. Kama hapana, watatafuta mutu mwingine, na shemeki atabaki Bukavu.

Sasa ile koti ndiyo iliyopanda juu mukononi mwangu.

Maman alikuwa nazo mbili, ameziweka mezani pamoja. Zote za kuvimba-vimba, kama mikate mingi iliyoshonwa bega kwa bega. Moja imejaa manyoya ya bata, wanaiita duve. Ingine imejaa nyuzi za kiwanda, sintetiki, kama sufi ya mugodoro lakini imechanuliwa vizuri. Akatuelezea taabu yake, na ilikuwa taabu kweli, alikuwa anakosa usingizi. Ile ya duve ni nyepesi zaidi, ina joto zaidi, inakunjwa mupaka inaingia mukononi, na ukiitunza inazeeka na wewe. Lakini inaogopa maji. Akaomba beseni kwa muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, wa pembeni, akachovya mukono wa koti hii na mukono wa koti ile. Mukono wa duve ulishuka kama kuku aliyenyeshewa, zikabaki ngozi mbili zinagusana. Wa sintetiki ulitoa maji, akaukamua, ukavimba tena, si wote, nusu. Hiyo hata ikilowana inakumbuka kazi yake. Lakini ni nzito zaidi, na kila ukiikandamiza kwenye begi inachoka kidogo, mupaka siku moja inalala chini kama mugodoro wa hoteli ndogo na haiamuki tena.

Nikamuuliza, basi hao wa mwaka unaokuja hawajapata dawa? Akasema wanakuja na duve iliyopakwa dawa ya kukataa maji, wanakuja na nyuzi zinazoiga manyoya mupaka bata mwenyewe atadanganyika. Lakini hazijafika huku, na kupanda kumekaribia. Moyo wake ulitaka duve. Mulima ulitaka sintetiki, maana mvua ya Kahuzi haipigi hodi. Akaamua hivi: ile ya duve ilikuwa imechanika mugongo kwenye tawi na kumwagika. Kama itajazwa tena vizuri, ataivaa ndani ya koti ya mvua. Kama haitajazwa, atapanda na sintetiki.

"Manyoya ya bata," akamuambia shemeki. "Mazuri, papa. Yale mazuri kabisa."

Angalia namna neno linavyoweza kuua. Kwetu manyoya ni manyoya. Ya bawa ni manyoya, ya mukia ni manyoya, ya tumbo ni manyoya, na ya paka ni manyoya pia. Maman kichwani alikuwa na neno la Kifaransa lenye maana moja tu, amelileta kwenye Kiswahili bila kujua kwamba njiani limezaa. Sisi tulilipokea lote. Ni kweli nilitia mukono kwenye mupasuko wa koti nikaona vumbi-vumbi nyeupe imebaki ndani. Nikafikiri ni manyoya yaliyozeeka yakasagika, kama unga wa mbao iliyoliwa na wadudu. Hata niliona huruma, koti ya bei vile, wamemujazia mabaki.

Shemeki alikwenda Idjwi. Kabla ya kupanda boti alipita kwa majirani wote kuwaambia kwamba yeye sasa ni shefu wa vyombo, mizigo ni mambo ya zamani. Dada yangu alimufulia shemizi, shati yake nyeupe. Watoto wa njia wakaanza kumuita shefu, na yeye anaitika, mutu ambaye sikuwahi kumuona anaitika jina la kupachikwa. Nilicheka. Nilikuwa na furaha kwa ajili yake, na kwa ajili ya dada yangu, maana nilikuwa nimeona namna shemeki alivyoshika lile paji la uso.

Alirudi na gunia. Alilipandisha kutoka ziwani mupaka Kadutu kwa mukanda wake, jasho linatiririka ndani ya ule mufereji, anacheka peke yake.

"Shika," aliniambia. "Iko nzito."

Ilikuwa nzito kweli. Ndugu zake wa kisiwani walikuwa na sherehe, bata wamechinjwa, yeye aliketi na kuchagua moja-moja kama mama anayechagua maharagi. Ya mabawa, ya mikia, marefu, magumu, yenye mufupa katikati, mengine yanang'aa kijani. Nikauliza kwa nini gunia ni safi hivi, maana bata ana uchafu mwingi wa manyoya. Akaniambia kwa raha namna alivyolikungutia juu ya boti, ile takataka ya tumbo inayoingia puani akaimwaga yote, ikaelea nyuma yao kama povu ya sabuni, mupaka wasafiri wakamulalamikia. Hakutaka kumuletea maman vumbi.

Nilimusifu. Ninaandika neno kusifu hapa kwa sababu ndivyo ilivyokuwa; nilimuambia yeye ni mutu wa kuaminiwa.

Kushona ile koti kulinitoa jasho. Kila sindano ikishuka, mufupa wa unyoya unaisukuma pembeni. Vitambaa vya siku hizi ni kama ngozi ya kitunguu. Nilitia uzi mara mbilimbili, nikafunga, nikagonga na mukono kuisawazisha, ikanigonga na yenyewe. Nilipomaliza ilisimama mezani bila kushikwa, mabega juu, kama mutu anayesubiri kuitwa ndani. Shemeki aliizunguka. Akasema sasa ndiyo koti.

Maman wa biro akaja akitoka kazini. Aliinua koti na mukono wake ukashuka, nikaona uso wake umebadilika kidogo. Lakini alivaa, kwa heshima. Akafunga. Akageuka ili atuonyeshe mugongo, na akatoa sauti ya mutu aliyekalia sindano. Kwenye bega unyoya mumoja ukatoka polepole, murefu, ule wa kijani. Halafu mwingine kwenye kiuno.

Sokoni hakuna anayekuhurumia kabla hajamaliza kucheka. Mumoja akasema maman ataruka leo, mufunge milango. Mwingine akauliza, shefu, na yai litatoka saa ngapi? Muuza sambaza alilia machozi kwenye kitenge chake. Maman mwenyewe alianza kucheka, ilikuwa ya kuchekesha, hata mimi. Halafu akamuona shemeki, akaacha.

Aliniomba wembe. Alivua koti, akafungua mushono kifuani, pale ambapo mimi sikuwa nimegusa, akaingiza vidole viwili akatoa kidogo.

"Nyosha mukono, papa."

Shemeki akanyosha. Maman akaweka. Shemeki alikuwa anaangalia mbali, barabarani, kama mutu anayesubiri sindano ya daktari, anasubiri kusikia uzito.

"Umeweka?" akauliza.

"Iko mu mukono yako."

Akaangalia chini. Ilikuwa nyeupe, haina mufupa, haina mwanzo wala mwisho, kama pumzi ya mutu asubuhi ya baridi ikikataa kuondoka. Maman akamuambia afunge mukono, asubiri. Akafunga. Tukasubiri sisi wote, hata wale wa balo.

"Inachoma," akasema. Alikuwa na maana ya joto. Nilishika mukono wake mimi pia baadaye na ulikuwa na moto kweli, kama ulitoka kwenye jiko.

Akafungua vidole. Upepo mudogo wa njia ukapita, ukaichukua, ikapanda juu ya meza za watu, tukaipoteza.

"Hii ndiyo nilimwaga mu ziwa," shemeki akasema.

Gunia zima alilipandisha kwa kichwa chake, na kitu chenyewe alikiacha nyuma ya boti, na watu wamefunika pua.

Maman akasema si kitu. Akasema mara nyingi, si kitu papa, hata hivyo mvua imekuwa nyingi, atapanda na sintetiki, labda ni Mungu aliyemuchagulia. Kuhusu ile kazi hakusema, na sisi hatukuuliza. Alimushika shemeki bega akamuambia aje asubuhi ya kupanda, asikose.

Siku zilizofuata shemeki alikaa kwangu sokoni kama kawaida. Watoto waliendelea kumuita shefu, si kwa ubaya, jina lilikuwa limezoeleka. Aliitika. Lakini niligundua kitu kikanishitua kuliko buroshi ya meno: alipoondoka jioni, aliondoka bure. Hakugusa hata kuni.

Asubuhi ya kupanda nilishuka barabarani kupeleka zile suruali bila mifuko. Gari ilikuwa imesimama, wenzake maman wanapakia vibegi vyao kwa mukono mumoja huku wanaongea kwenye simu. Shemeki alikuwa amefika kabla ya wote. Shemizi nyeupe, mukanda wa ngozi shingoni, tayari. Maman alikuja kwetu wawili, akasema polepole: wenzake walimuchukua mutu mwingine kwa vyombo, ni kijana anayejua hizo nguo. Aligombana nao. Lakini hakukubali shemeki abaki. Atapanda nao, nafasi yake kwenye gari iko, chakula iko, na hatabeba kitu. Akamupa begi ndogo. Ndani kulikuwa koti ya sintetiki, mupya, zawadi, ili asisikie baridi na mvua kule juu ambako miaka yote alipanda na shemizi na gunia tupu la mahindi amejifunika kichwani.

Ilikuwa zawadi ya moyo. Ninataka hiyo ieleweke, kwa sababu dada yangu hataki kuelewa.

Shemeki aliinua begi kwa kidole kimoja.

"Hii ndiyo muzigo yote?"

"Yote, papa."

Shofere, mutu mwema, anapenda wazee, akamufungulia mulango wa mbele na kuinama kama anapokea waziri. "Ingia, muzee," akasema. "Leo na wewe ni mutalii."

Tulicheka. Wote tulicheka, na mimi pia nilicheka, na shemeki akatabasamu. Akaiweka ile begi kwenye kiti cha mbele. Akaifunga mukanda wa gari, akaujaribu kama umeshika, vile mutu anavyomufunga mutoto. Akatoa mukanda wake wa ngozi shingoni, akautazama, akanipa. Ulikuwa umekunywa jasho la miaka yote. Mukono wangu ulishuka.

"Shemeki," akaniambia, "ninashuka kidogo."

Tulifikiri ni haja ndogo. Mutu muzima, safari ndefu, ni kawaida. Alishuka na barabara upande wa ziwa, hatua za kila siku, si za hasira wala si za haraka. Mikono yake tu ndiyo haikujua njia. Ilining'inia, ikashika mugongo, ikaachana, ikatafuta mifuko. Shofere akapiga honi. Maman akamuita, papa, tunachelewa. Mimi nilikuwa nimesimama na suruali za watu kwenye bega na ule mukanda mukononi, ninamuangalia akipita kwa wauza mukate, mugongo mutupu, na hakugeuka. Hakurudi siku ile, na mupaka ninapoandika hajarudi.